Kura Tatu za Tabora: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kudai Uhuru

Kisa hiki ni cha mkutano mmoja wa chama kimoja, TANU (Tanganyika African National Union), kilichokuwa kikidai uhuru wa Tanganyika. Ulifanyika Tabora mwezi Januari 1958. Viongozi ambao majina yao yamo katika historia ya wazi nimewataja. Wajumbe wa kawaida, waliosimama wakasema la moyoni kisha wakarudi makwao, sikuwataja wala sikutaja walikotoka. Kinachotuhusu hapa ni hoja zao.

Nimekichagua kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mapambano ya uhuru yalikuwa na maana kwa binadamu wote. Maneno hayo hutamkwa jukwaani, bendera zikipepea, na hakuna anayeyapinga kwa kuwa hayamgharimu mtu kitu. Tabora yaligharimu. Watu waliokuwa wakionewa kwa ajili ya rangi yao waliambiwa waingie kwenye chumba cha kura na kumpigia Mzungu kura, Mhindi kura, na Mwafrika kura, la sivyo karatasi yao itupwe.

Usuli

Tanganyika haikuwa koloni kwa jina. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza aliipokea kutoka mikononi mwa Mjerumani kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mkulima aliyekuwa akidaiwa kodi, tofauti hiyo haikuonekana. Ilikuwa kwenye maandishi, lakini maandishi hayo yalikuwa na nguvu yake. Ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa ilisema lengo la udhamini ni kuwafikisha wananchi kwenye kujitawala au uhuru, na ibara hiyohiyo ikataka haki za binadamu ziheshimiwe kwa wote bila kubagua rangi, jinsia, lugha wala dini.

Watanganyika waliishika ahadi hiyo mapema. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwe ya walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa, na Machi 1955 Julius Nyerere aliipita akiwa rais wa TANU, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulikuwa umependekeza kwamba Tanganyika inaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Serikali ya Gavana Edward Twining iliona hata muda huo ni mfupi mno.

Twining alikuwa na mpango wake: siasa ya mseto. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955, upande wa wajumbe wasio wa serikali ulikuwa na viti 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Ukiitazama haraka unaweza kudhani huo ndio usawa wenyewe. Hesabu inakataa. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu takriban 20,000. Kwa uwiano huo Mzungu mmoja alihesabika sawa na Waafrika wapatao 400. Uliitwa usawa, lakini ulikuwa usawa wa rangi, na watu waliosimama nyuma ya kila rangi hawakuhesabiwa. Hapa ndipo ulipo moyo wa kisa chote, na nitaurudia huko chini.

Mwaka 1956 kikaanzishwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, kwa baraka za gavana, ili siasa hiyo ipate wa kuitetea. TANU nayo ilibanwa: matawi yalifungwa au kunyimwa usajili katika wilaya kadhaa, na mwaka 1957 Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia hadhara. Aliteuliwa kuingia Barazani mwaka huo, akajiuzulu Desemba baada ya kuona mapendekezo yake hayasikilizwi.

Kisa chenyewe

Uchaguzi wa kwanza wa nchi ulipangwa kufanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kila jimbo lingetoa wajumbe watatu, mmoja wa kila rangi, na kila mpiga kura angelazimika kuchagua wote watatu. Aliyemchagua Mwafrika peke yake kura yake iliharibika. Zaidi ya hapo, ili uandikishwe ulipaswa uwe na umri wa miaka 21, na ama kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe na wadhifa wa aina fulani.

Wafikirie watu waliokuwa wameijenga TANU. Wazee wa Dar es Salaam ambao elimu yao ilikuwa ya madrasa. Akina mama waliouza kadi nyumba kwa nyumba nyuma ya Bibi Titi Mohamed. Wakulima wa pamba na kahawa. Wengi wao hawakuwa na pauni 150 wala cheti cha darasa la nane. Chama chao kingeingia kwenye uchaguzi ambao wao wenyewe wangeutazama dirishani.

Hivyo walipokusanyika Tabora, wajumbe wengi walikuja wakiwa na neno moja tu: tususie.

Hoja zilizowekwa mezani

Nisingependa msomaji apite upande wa waliotaka kususia kana kwamba walikuwa watu wenye hasira tu. Hoja yao ilikuwa nzito. Walisema hivi: tumekataa siasa ya mseto tangu siku ya kwanza. Tumekwenda hadi Umoja wa Mataifa kusema kwamba mtu ahesabiwe kwa utu wake. Leo tukiingia kwenye uchaguzi unaomgawa mtu kwa rangi, tumetia sahihi kile tulichokipinga. Na kesho tutamwambia nini mwanachama ambaye hana sifa ya kupiga kura? Kwamba tulimwacha nje ya mlango sisi tukaingia?

Kulikuwa na hoja nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini lakini ilichoma zaidi. Kwa nini Mwafrika alazimishwe kumchagua Mzungu? Aliyeitwa "boi" akiwa na mvi kichwani, aliyepanga foleni kwenye dirisha la nyuma, leo achague bwana wake kwa mkono wake mwenyewe?

Nyerere na wenzake waliotaka chama kishiriki hawakujibu kwa kusema sheria ile ni nzuri. Waliiita mbaya. Walichouliza ni nini kitatokea siku ya pili baada ya kususia. UTP ingechukua viti vyote bila jasho. Gavana angeandika London na New York kwamba wananchi wamechagua, na chama kinachodai kuwasemea hakikuthubutu kujitokeza. Nje ya Baraza TANU ingebaki na njia mbili, kukaa kimya au kuingia kwenye vurugu, na nchi ilikuwa bado na wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo watunga sheria yenyewe hawakuliona vizuri. Kura tatu ziliwekwa ili kulinda viti vya Wazungu na Waasia. Lakini kwa kuwa kila mpiga kura alichagua wote watatu, mgombea wa Kizungu hakuchaguliwa na Wazungu peke yao. Alihitaji kura za Waafrika. Mahali ambapo Waafrika walioandikishwa walikuwa wengi, wao ndio wangeamua ni Mzungu gani na Mhindi gani aende Barazani. Mtego uliotegwa ili kumzuia Mwafrika ulikuwa na mlango wa pili.

Uamuzi

Mjadala ulikuwa mkali na ulichukua siku kadhaa. Mwishoni waliotaka kushiriki walishinda. Mkutano ukaongeza sharti: serikali ya madaraka, yaani inayoongozwa na waliochaguliwa na wananchi, ipatikane ifikapo mwisho wa 1959, la sivyo chama kichukue hatua za kugoma bila kutumia nguvu. Uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara, jina lililobaki mpaka leo.

Si wote walioona busara ndani yake. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa chama, alijitoa na kuanzisha African National Congress, chama kilichotaka Tanganyika ya Waafrika kwanza. Tutamrudia.

Kilichofuata

TANU haikuwa na mwanachama asiye Mwafrika wakati huo. Milango yake ilikuwa imefungwa kwa wengine. Ikalazimika kutafuta Wazungu na Waasia walio tayari kusimama kwa msimamo wake na kuwaunga mkono. Walipatikana. Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu. Sophia Mustafa, mama wa Kiasia wa Arusha. Amir Jamal. Wajumbe waliokuja Tabora wakiuliza kwa nini wamchague bwana wao walijikuta miezi michache baadaye wakimfanyia kampeni Mzungu kijijini, na kulazimika kumweleza mwanakijiji kwa nini huyu ni wetu na yule Mwafrika wa UTP si wetu.

Maelezo hayo ndiyo ninayoona yalikuwa shule kubwa kuliko hotuba zote. Huwezi kumweleza mtu jambo hilo bila kutamka, kwa lugha ya nyumbani, kwamba tunachopigana nacho ni utawala wa mtu juu ya mtu, na kwamba rangi ya ngozi haikuambii mtu yuko upande gani. Kila kampeni ilikuwa somo la ibara ya 76 kwa watu ambao hawakuwahi kuisoma.

Matokeo yalikuwa ya kishindo. Wagombea wa TANU na waliokubaliwa nayo walishinda awamu zote mbili. UTP haikupata kiti, ikafa. Twining alikuwa ameshaondoka katikati ya 1958, na gavana mpya, Richard Turnbull, aliona kwamba hakuna wa kuzungumza naye isipokuwa TANU. Nyerere mwenyewe katikati ya kampeni alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali kwa maandishi, akatozwa faini, akailipa ili asifungwe wakati uchaguzi unakaribia. Mpango wa viti sawa kwa kila rangi ukaachwa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, serikali ya madaraka ikaja, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Ule ujumbe wa 1954 ulikuwa umesema miaka 20 au zaidi. Ilichukua 7.

Katikati ya safari hiyo, Oktoba 1959, Nyerere alisema Barazani kwamba wananchi wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka, ulete tumaini pasipo na matumaini na heshima palipojaa dharau. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo shuleni. Yasome sasa ukijua kwamba yalisemwa na kiongozi wa watu waliokuwa wametoka kupiga kura tatu.

Mtihani wa pili

Kisa kingeishia hapo kama Tabora ingekuwa suala la mbinu tu. Unaweza kusema: walishiriki kwa sababu kushiriki kulilipa. Kilichonishawishi kwamba kulikuwa na zaidi ya mbinu ni kilichotokea Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Baraza lilipojadili muswada wa uraia.

Sasa hapakuwa na gavana wa kushawishiwa wala kura za kutafutwa. TANU ilishika kila kitu. Muswada ulisema asiye Mwafrika naye anaweza kuwa raia kamili, kwa kuzaliwa au kwa kujiandikisha ndani ya miaka miwili. Baadhi ya wabunge wa TANU walisimama kuupinga. Uraia uwe wa Waafrika, walisema, wengine wasubiri. Nyerere alijibu kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake. Aliwaambia kwamba ukiufungamanisha uraia na rangi ya ngozi badala ya uaminifu kwa nchi, hutaishia hapo. Ukianza kwa kumbagua Mzungu utaendelea na Mhindi, halafu utageukia makabila. Akatangaza kwamba serikali yake itajiuzulu muswada ukikataliwa. Ulipita.

Hapa ndipo ile hesabu ya mwanzo inaporudi. Twining alitaka usawa wa rangi: kila rangi iwe na fungu lake. Wabunge wale walitaka rangi moja ichukue mafungu yote. Ni pande mbili zinazogombana, lakini wote wanahesabu kwa chombo kimoja. Hoja iliyoshinda Oktoba 1961 ilikitupa chombo chenyewe. Mtawaliwa anaposema "usinitawale, mimi ni mtu kama wewe," amesema neno linalomhusu kila mtu, na neno hilo halimwachi yeye kando. Siku akishika madaraka litamrudia yeye kwanza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo maana ya kuwa mapambano ya watu wa nchi moja ni ya binadamu wote, na Tanganyika iliisikia kwa uchungu kabla ya kuifurahia.

Uchambuzi: kilichofanikiwa

Kwanza, walitenganisha kushiriki na kukubali. TANU iliingia kwenye uchaguzi huku ikisema hadharani kwamba sheria yake ni mbovu, na ikaambatanisha ushiriki wake na tarehe ya mwisho. Bila lile sharti la 1959, Tabora ingekuwa kusalimu amri, na waliosusa wangekuwa na haki.

La pili ni la mashaka zaidi, lakini naamini ni kubwa: walikubali washirika wasiotarajiwa kabla ya kuwahitaji kwa serikali. Bryceson na Jamal hawakuwekwa kwenye baraza la mawaziri baada ya uhuru kama pambo la kuonyesha wageni. Walikuwa wamepigiwa kura na Waafrika wakati TANU ilipokuwa chini ya kibano. Mwaka 1965, viti vya rangi vilipokwisha kufutwa, walichaguliwa tena.

Na nje ya mipaka neno lilitimizwa. Uhuru wa Tanganyika haukuachwa uwe mali ya Tanganyika. Machi 1961, kabla hata ya bendera kupanda, Nyerere alisema wazi kwamba nchi yake haitaingia Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki humo; Afrika Kusini ikatoka. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake hapohapo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Walioachwa nje ya mlango hawakuombwa radhi. Mama aliyetembeza kadi za TANU kwenye jua aliambiwa asubiri, akasubiri, na historia ikampa mstari mmoja. Uamuzi wa Tabora ulilipiwa na watu ambao hawakupiga kura, na sijaona popote gharama hiyo ikihesabiwa sawasawa. Hata chama chenyewe kilikawia kujifundisha kilichohubiri: kilifungua uanachama kwa wasio Waafrika mwaka 1963, miaka mitano baada ya kuwaomba Waafrika wampigie kura Mzungu.

Kosa la pili ni namna hoja ya Oktoba 1961 ilivyoshinda. Wabunge waliopinga walikuwa wamekosea kuhusu uraia, lakini nyuma ya maneno yao kulikuwa na ukweli: maduka, mashamba makubwa na vyeo vya serikali vilikuwa mikononi mwa wasio Waafrika, na uraia ulio sawa juu ya mali isiyo sawa ungeacha mambo yalivyo. Walijibiwa kuhusu rangi. Kuhusu mali hawakujibiwa. Dai la kuwapa Waafrika kazi liliendelea kuchemka, na Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, miezi miwili haijatimia tangu uhuru, hali hiyo ilikuwa sehemu ya sababu. Januari 1964 askari waliasi, na moja ya madai yao lilikuwa maofisa Waingereza waondoke.

Na Mtemvu? Alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa rais wa 1962. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Wananchi walikuwa wamemjibu kwa kura, na jibu hilo lilitosha. Hakukuwa na sababu ya kuogopa sauti ya namna yake. Lakini mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na mwaka 1965 TANU ikawa chama pekee kwa sheria. Siliandiki hili kwa kuwa nimechoka na historia ya TANU. Naliandika kwa kuwa ninaipenda. Chama kilichowaachia wajumbe wake Tabora wabishane siku kadhaa na kiongozi wao, wakiwa na uwezo wa kumshinda, kilijua jinsi ya kuishi na mpinzani. Kilijua hivyo kikiwa hakina jeshi, hakina gereza, na kimefungiwa matawi.